Pete za Miguu za Kwamboka

Haya yalimpata Persis, jirani yetu, mwaka wa 1971, na mpaka anazeeka hakuwahi kuyaongezea chumvi. Alikuwa mhudumu katika nyumba ya wazee iliyoendeshwa na kanisa, kwenye mlima ulio juu ya Nyamache. Wazee walikuwa kumi na wanne, na siku zao zilifanana: uji saa mbili, jua barazani, kisha wanawake wanasuka vikapu na wanaume wanacheza bao, wakiibiana kete mchana kweupe bila haya. Saa tisa mvua ilipokuja, wote waliingia ukumbini kuimba nyimbo za kanisa, kila mmoja kwa sauti aliyoijua mwenyewe. Persis aliwaogesha, aliwalisha, na walipokufa aliwaosha. Miaka sita ya kazi hiyo ilikuwa imemtia ganzi. Hakuwa mkatili, alikuwa tu amechoka kushtuka.

Mtu mmoja pekee ndiye aliyeweza bado kumgusa moyo. Nyanchera, mama yake mzazi, alikuwa miongoni mwa wale kumi na wanne. Persis hakuwa na mume, mtoto wala ndugu. Alikuwa na mama basi.

Mkongwe kuliko wote alikuwa Kwamboka. Miguuni alivaa ebitinge, pete za chuma ambazo wake wa zamani walivishwa walipoolewa kwa desturi. Mwezi wa nne miguu yake ilivimba, chuma kikazama nyamani. Nehemiah, mzee wa kanisa aliyesimamia nyumba, akaleta msumeno.

"Kata, Persis. Hiyo ni mambo ya giza."

Kwamboka alimshika Persis mkono. "Ngoja shemeji yangu Ongeri atoke Kenyenya. Mtu wa kwao ndiye anaweza kutoa. Bwanangu Machogu alikufa zamani, lakini ananingoja. Nikifika bila hii chuma, atanijuaje? Atachukua mwingine."

"Huko hakuna kuchukuana, Magokoro," Persis alimjibu, akimwita bibi kwa lugha ya kwao, kama mtu anavyomtuliza mzee anayesumbua. Akakata. Kazi ilimchukua asubuhi nzima.

Wiki moja baadaye Kwamboka akafa. Ongeri alikuja na vijana wa ukoo wakambeba kwenda kumzika Kenyenya. Miguu ilikuwa imefunikwa, na hakuna aliyeuliza. Pete zilibaki ndani ya kopo la bandeji.

Jumatatu iliyofuata, saa tisa, mvua ya mawe ilipiga mabati. Wazee walikuwa katikati ya wimbo. Persis akasikia hatua barazani, nzito, za mwanamume mzima. Akatazama mlangoni. Hapakuwa na mtu. Hatua ziliingia ukumbini, zikapita mbele ya benchi la wanawake, polepole, zikisimama kwa kila mmoja. Wanawake walivuta miguu chini ya benchi. Hakuna aliyeacha kuimba.

Kisha zikarudi, zikasimama mbele ya Jemimah, aliyekaa mwanzo wa benchi.

"Si mimi," Jemimah alinong'ona.

Asubuhi alikutwa amekufa kitandani. Persis alipomwosha aliona alama vifundoni, kila mguu. Alama za vidole. Mtu alikuwa ameipapasa ile miguu akitafuta kitu.

Jumatatu ya pili hatua zilirudi. Safari hii zilisimama kwa Kemuma, wa pili kwenye benchi. Naye hakuamka. Vidole vilevile. Persis alimwosha, akamvika, akaenda kupika uji. Aliniambia mwenyewe kwamba hakulia. Alichofanya ni kuhesabu benchi, na wa tatu alikuwa Nyanchera.

Alimhamishia mama yake mwisho kabisa. Kufumba na kufumbua bibi alikuwa amerudi pale pale na kikapu chake, akilalamika kwamba kule mwisho hapana mwanga. Nehemiah naye alisema waombe. Waliomba. Persis aliona hayo hayatoshi, na Jumapili alfajiri akatoa pete kwenye kopo.

Manyunyu yalikuwa yameanza. Hakuwa na kitu cha kuzifungia.

"Chukua hii," mama yake alisema, akavua kitambaa cha kichwa, kile cha maua ya bluu alichokivaa tangu Persis yuko shule. Persis akazifunga humo, akakaza fundo mara mbili, akaondoka.

Kenyenya alimkuta Ongeri uani. Mzee hakumgombeza. Alisikiliza mpaka mwisho, akachukua jembe. Kaburi la Kwamboka lilikuwa upande wa kushoto wa nyumba, karibu na migomba, na la Machogu lilikuwa upande wa kulia. Akachimba kwenye kaburi la Kwamboka. Persis akaweka furushi. Ongeri akafukia, na alipokuwa akifukia aliita kwa sauti ya chini.

"Machogu, mke wako ni huyu. Mwenye hii nguo. Mpokee, uache wengine."

Persis alihisi baridi mgongoni, ya kwanza kwa miaka mingi.

"Tata," alimwita, kama mtu amwitavyo baba, "hiyo nguo ni ya mama yangu."

Jembe likasimama. Ongeri aliutazama udongo.

"Yuko hai?"

"Yuko hai."

"Nimeshaita," mzee alisema. Walifukua pamoja, kwa jembe na kwa mikono, mpaka chini kabisa. Hawakuona pete. Hawakuona kitambaa.

Jumatatu Persis alirudi kabla ya saa tisa, akaketi sakafuni akiikumbatia miguu ya mama yake. Mvua ikaja. Waliimba. Ikafika saa kumi, ikafika saa kumi na moja. Hatua hazikuja. Hapo ndipo alipolia, kwa furaha, na wazee wakamcheka.

Jioni alileta karai la maji ya moto amwogeshe mama miguu. Nyanchera alibatizwa akiwa msichana. Chuma hakikuwahi kugusa miguu yake. Vifundoni kulikuwa na mifereji mirefu, myeusi, ngozi imekuwa ngumu na ya kung'aa kama ya mtu aliyevaa chuma miaka hamsini.

Nyanchera alivuta miguu kwa aibu.

"Wewe msichana, wa kwa nani?"

"Ni mimi, mama. Persis."

Bibi alimtazama kwa upole, kama mgeni. "Machogu amefika?"

Persis alimkausha miguu, kidole kwa kidole. Ile ganzi ilikuwa imerudi, na safari hii aliishukuru.

"Bado," alisema.

Akaenda kumtandikia. Chini ya mto palikuwa na kitambaa cha maua ya bluu, kimelowa udongo mwekundu. Fundo lake mwenyewe, lililokazwa mara mbili, halikuwa limefunguliwa. Alikiminya. Ndani hamkuwa na kitu.

Nyuma yake mama aliinuka kuja kitandani, miguu mitupu sakafuni, na kwa kila hatua Persis alisikia chuma kikigonga chuma.