Turbo ya Kupandia Kilima

Jirani yetu muuza mkaa anasema shemeji yake alifunga turbo kwenye pikipiki. Anasema ilipanda kilima na magunia matatu, ikipiga mluzi kama birika, kuku wakatawanyika.

Mume wangu alimsikiliza huku ameshika kiuno. Yeye hubeba madumu ya maji kwa pikipiki. Katikati ya kilima injini huzidiwa, nami husukuma kwa nyuma. Tukifika juu hatuna hata nguvu ya kugombana.

"Na sisi tufunge turbo," alisema.

"Tumuulize fundi kwanza. Injini ikifa, madumu yatahamia kichwani kwangu."

Tulipomsimulia, fundi alicheka, akanigeukia. "Shemeji, ile ni filimbi tu! Wameichomeka kwenye bomba la moshi. Turbo ni pampu ya kuisukumia injini hewa."

"Ziko za namna ngapi?" nikauliza.

"Kuna ya kuzungushwa na moshi. Ikiwa kubwa, huchelewa kuamka. Itakukuta umeshashuka kusukuma. Ndogo huamka mapema, ila injini ikienda mbio, inaishiwa pumzi. Nyingine huzungushwa na mkanda. Hiyo haichelewi, lakini inakula nguvu za injini yenyewe. Na vile vifeni vya umeme, vinafaa kupoza chai."

"Basi nifungie ndogo," alisema mume wangu.

"Bwana, injini yako ina pistoni moja, nayo imechoka kama wewe. Ukiishindilia hewa, joto litatoboa pistoni. Mgonjwa halishwi kwa mwiko."

Akafungua kichujio cha hewa. Kilikuwa kimeziba kwa vumbi, cheusi tii.

"Inapumua ndani ya blanketi," alisema.

Akakisafisha. Kisha akabadilisha gia ya mnyororo ya nyuma, akaweka yenye meno mengi zaidi. "Tambarare mwendo utapungua. Kilimani itavuta. Na dumu moja liache nyumbani."

Asubuhi pikipiki ilipanda polepole, bila kuzimika. Nilifuata nyuma mikono mitupu, sijui niiweke wapi. Nilimkuta mume wangu juu, ameegemea ukuta.

"Imepanda," alisema.

"Nimeona. Pole na kazi."

Macho yake yalikuwa mekundu. Nikakaa karibu naye.

"Mume wangu, sasa haitaki msukumaji. Nifundishe kuendesha, tupokezane. Siku nyingine na wewe ulale."

Aliitazama pikipiki. Akainuka, akaanza kufungua kamba. Akashusha dumu la kwanza, halafu la pili. "Kwanza jifunze ikiwa haina mzigo," alisema.