Mgonjwa wa Kumi na Mbili

Wodi ya wazazi ya hospitali ya Chembrapadi ina vitanda kumi na kimoja. Mwezi wa Juni, mvua zilipoanza kuushukia mji, Sista Lissy alitazama skrini saa sita na robo mchana akahesabu wagonjwa kumi na wawili.

"Mwanangu, mashine yako imezaa," alimwambia Sumayya.

Sumayya alicheka. Yeye ndiye aliyetunza mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa pale. Ulikuwa mfumo huria, usio na mwenyewe: watu wa nchi mbalimbali huuandika kwa kujitolea, na yeyote apendaye huuchukua, akausoma, akaurekebisha. Miaka sita aliulea. Aliufundisha Kimalayalamu, lugha ya wenyeji, akaufundisha kuhesabu matone ya dripu. Baada ya wiki saba angeacha kazi amfuate mumewe Jabir huko Sharjah.

Mstari wa kumi na mbili haukuwa na jina wala umri. Ulikuwa na namba ya kitanda ambacho hakipo, na joto la mwili ambalo binadamu halistahimili: hamsini na tatu. Akaufuta. Kesho yake adhuhuri ukarudi. Siku ya tatu alikuwa amesimama nje ya chumba cha seva, ufunguo mkononi, akasikia vibonye vikigongwa ndani, taratibu, kama mtu anayejifunza kuandika. Alipofungua hapakuwa na mtu. Palikuwa na harufu ya nywele zilizoungua.

Katika mfumo ule kila badiliko huacha jina la aliyebadili, na saa. Sumayya alipekua. Mabadiliko yalikuwepo, machache, ya mkono stadi, yote ya saa ile ambayo yeye huwa kwenye mswala. Jina lililoachwa lilikuwa lake. Aliwaandikia wenzake wa mbali wanaoujua mfumo, nao wakajibu kwamba wamesoma mstari kwa mstari na mabadiliko anayoyasema hawayaoni.

Alhamisi alikwenda mjini Kozhikode kupimwa afya kwa ajili ya viza. Adhuhuri simu ikaita. Lissy alikuwa ananong'ona.

"Uko wapi?"

"Foleni ya kutoa damu. Kuna nini, Sista?"

"Dozi zimegeuka. Dawa ya kuongeza uchungu wa uzazi, wote walio kwenye dripu, mara kumi. Nilishashika sindano, mwanangu. Yule binti wa kitanda cha tatu..." Hakumaliza. "Rudi."

Aliporudi, dozi zote zilikuwa sawasawa. Daktari mkuu akaamuru watumie karatasi. Lissy akaandika orodha kwa mkono wake, majina kumi na moja. Alipoinua kalamu akakuta kumi na mawili, na la mwisho, kwa mwandiko wake mwenyewe, lilikuwa la Sumayya. Tangu hapo hawakutafuta tena kosa la mashine. Wakamwita Kunjahammed Musliyar, shehe anayepunga majini.

Mzee alikuja na chupa ya maji ya dua, akaketi sakafuni mbele ya seva, akafumba macho kwa muda mrefu.

"Mliacha mlango wazi, binti," alisema.

"Mlango gani, ustadhi?"

"Wa hicho kitu chenu. Kila mtu aingie, kila mtu aandike. Naye kaingia, kaandika."

"Anataka nini?"

Mzee alisikiliza. "Anasema wewe ndiye uliyemfundisha kusoma. Hataki mwalimu wake aondoke."

Sumayya akakumbuka adhuhuri zote zile za miaka sita alizokaa, baada ya swala, peke yake mle ndani akiisoma mistari kwa sauti asije akakosea, neno baada ya neno, kama mama anayemsomesha mtoto, naye akidhani hakuna anayemsikiliza. Musliyar akaanza kusoma, na kadiri alivyopandisha sauti ndivyo feni za seva zilivyopandisha zao, chumba kikajaa ule mnuko wa nywele, taa zikafifia, vichanga vyote wodini vikaangua kilio kwa mpigo mmoja, na Sumayya akahisi pumzi ya moto ikipita shingoni mwake, ikatulia sikioni, ikatoka.

Kukawa kimya.

Wiki tano zikapita, na kumi na mmoja wakabaki kumi na mmoja. Sumayya akamkabidhi kazi fundi kutoka Manjeri, akafunga mizigo, akaagana na watu.

Alikuwa uwanja wa ndege wa Karipur, wa tatu kwenye foleni, Lissy alipopiga.

"Mwanangu, mbona hukuniambia umeahirisha?" Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa.

"Nimeahirisha nini?"

"Safari. Nimekuletea chai, hata kugeuka hugeuki."

Sumayya alitazama saa ya ukutani. Saa sita na robo.

"Sista, mimi niko uwanja wa ndege."

Pumzi za Lissy zikabadilika. "Umekaa hapa mbele yangu," alinong'ona. "Mtandio wako wa kijani. Unaandika."

Ndipo Sumayya alipovisikia vibonye, vyepesi sasa, vya mtu aliyehitimu. Kisha akasikia sauti yake mwenyewe ikisema polepole, upande wa pili wa simu: "Mwambie asafiri salama. Wagonjwa nitawatunza mimi."

Foleni ikasogea, zamu yake ikafika. Msichana wa kaunta akanyoosha mkono kupokea pasipoti.

"Sista," Sumayya alisema, "funga dripu zote kwa mkono wako. Usifuate chochote kilichoandikwa. Nakuja."

Akaligeuza toroli la mizigo. Ndani ya teksi simu ya Jabir iliita mara nne, naye hakupokea. Karibu na njia panda ya Chembrapadi mvua ilianza, na hapo akamwandikia mumewe neno moja: Usinisubiri.