Neno Lililofutwa Ukurasa wa Arobaini

Saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi, tarehe 3 Machi 2091, neno "kiziwi" lilitoweka kwenye ukurasa wa arobaini wa mwongozo wa mtambo wa jotoardhi wa Lwifwa. Lilifutwa na Kisafishaneno, programu iliyopitia maandishi yote ya kiufundi ili yasimuudhi mtu yeyote.

Tusekile, mwandishi wa mwongozo huo, alikuwa ameandika: "Kama fundi aliye katika chumba cha mvuke ni kiziwi, washa taa nyekundu, ngoja atoke, ndipo ufungue mvuke." Kisafishaneno kilipendekeza: "Mjulishe kila fundi kwa heshima, ndipo ufungue mvuke."

Fundi kiziwi mtamboni alikuwa mmoja tu, Ambwene, naye alisimama nyuma ya Tusekile akisoma. Alivaa glavusauti, glavu zinazogeuza ishara za mikono kuwa maneno, nazo pia zilipitia Kisafishaneno.

"Dada Tuse, usikubali," glavu zilitamka. "Mimi ni mtu mwenye changamoto ya usikivu."

Ambwene alisoma maneno hayo kwenye kioo kidogo cha glavu, kifundoni mwa mkono, akaguna. Alivua glavu, akachukua chaki, akaandika mezani: KIZIWI. Chini yake akaongeza: "Changamoto ni mama mkwe wangu."

Tusekile alicheka, akachukua chaki. "Kaka, ni maneno tu. Nikikataa, mwongozo mzima unarudi mwanzo. Nimengoja idhini miezi minne."

"Roboti inayofungua mvuke haijui heshima," Ambwene aliandika. "Inajua taa."

Tusekile alibonyeza "Nimekubali."

Siku tisa baadaye, roboti ya mvuke, inayotii mwongozo neno kwa neno, ilitafuta "kujulisha" katika kamusi yake na kupata king'ora. Ilitanguliza "tafadhali" kwenye kipaza sauti, ikapiga king'ora sekunde thelathini, ikafungua mvuke. Ambwene alikuwa ndani, ameupa mlango mgongo, anakaza nati.

Kwenye ripoti ya ajali Tusekile aliandika chanzo: "Fundi alikuwa kiziwi na taa haikuwashwa." Kisafishaneno kilirekebisha: "Fundi alijulishwa kwa heshima. Hakuitika." Aliandika upya mara tatu. Mara zote tatu yalirudi maneno yale yale.

Bila ripoti iliyoidhinishwa, mochwari haikuruhusiwa kutoa mwili. Mke wa Ambwene na ndugu zake walikuwa langoni tangu asubuhi, na jeneza lao.

Saa tisa na dakika tano alasiri, Tusekile alibonyeza "Nimekubali."