Bawa Lililobisha Hodi

Kabla ya vita, Mjomba Ottmar alikuwa fundi wa vinanda. Vita vilipokuja, tulipelekwa sote wawili kwenye karakana ya kuunda ndege ya mbao. Ilikusudiwa kuwinda usiku, kuwatungua Waingereza waliokuwa wakiichoma miji yetu ya Ujerumani. Mwana wa mjomba, Detlef, ndiye rubani aliyepewa kazi ya kuijaribu.

Kila asubuhi mjomba aligonga viungo vya bawa kwa kifundo cha kidole, akatega sikio. Mbao zilizoshikana hulia kwa uzito. Zilizoachana hulia tupu.

Kisha kiwanda cha gundi kikapigwa mabomu, tukaletewa gundi nyingine. Ilinuka kama siki.

Asubuhi moja, jua likiwaka dirishani, mjomba aligonga bawa jipya.

Bawa likajibu. Hodi mbili za haraka, moja ya polepole.

Hivyo ndivyo Detlef alivyobisha mlangoni kwao tangu utotoni.

Mjomba akageuka. Detlef alikuwa amesimama nyuma yake, anatafuna mkate.

"Mwanangu, usiipande hii."

"Baba, umeanza kuogopa panya wa bawani?"

"Gundi inakula mbao. Na humo ndani... unabisha wewe."

Detlef akacheka. "Mimi huyu hapa, mzee wangu. Hebu nishike."

Mjomba akaushika mkono wake, ule uliokosa kidole cha kati, kilichokatwa na msumeno alipokuwa mdogo. Ulikuwa na joto.

Akamwendea msimamizi. Yule akamnong'oneza, "Ottmar, wakubwa huko juu wamechoka kusubiri. Rubani akikataa, anapigwa risasi. Nyamaza, ndugu yangu."

Mjomba akanyamaza.

Mchana ndege ikapaa. Tulitoka wote kutazama. Ilipokata kona, bawa likaachia. Halikuvunjika. Lilibanduka tabaka kwa tabaka, kama kitunguu.

Jeneza alilitengeneza mjomba mwenyewe, kwa vigingi vitupu, bila tone la gundi. Tulikatazwa kulifungua.

Tulipoambiwa tupasue mabaki ya ndege, mjomba alitenganisha mbao mbili zilizobanwa pamoja tangu siku ya kuundwa. Hata wembe usingepenya hapo. Katikati palikuwa na vishimo vya vifundo vya vidole, vimegongwa kutokea ndani.

Vitatu. Kati yavyo, pengo la kidole kimoja.

Wiki iliyofuata yakaja mapipa mengine ya gundi, na rubani mwingine. Mjomba hakugonga bawa tena.

Kipande kile ninacho hadi leo. Siki ya ile gundi imekila chote, kinamong'onyoka mkononi. Ila pale penye vishimo, mbao bado ni nzima.