Ndita za Mama Pindo na Sindano ya Elfu Tano

"Hiyo ni bei ya kushona tu!" alisema Mama Pindo.

Alikuwa amesema hivyo mara tatu tangu afungue duka, na saa nne ilikuwa haijafika. Mbele yake alisimama mwalimu, mteja wake wa miaka mingi, gauni jipya mkononi.

"Lakini uliniambia elfu kumi na mbili," mwalimu alisema.

"Ya kushona! Bitana je? Zipu je? Vifungo sita unadhani nimeviokota barabarani?"

"Sasa si ungesema tangu mwanzo?"

"Kila mtu anajua!"

"Mimi sikujua." Mwalimu alilipa kwa uchungu. Alipofika mlangoni akageuka. "Na usininunie hivyo. Sikukuibia."

"Sijanuna!"

"Jiangalie kwenye kioo."

Mama Pindo akajiangalia. Kati ya nyusi zake palikuwa na ndita mbili, zimesimama wima. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa amekodolea macho tundu la sindano, na uso ukabaki umekunjwa. Watu walimpa jina la Mama Pindo kwa sababu ya mapindo yake safi ya nguo. Siku hizi wenye utani walisema pindo limehamia usoni.

Jamani, alikuwa amechoka! Akicheka, watu wanauliza kuna ugomvi gani. Akinyamaza, ndiyo kabisa. Juzi mumewe aliingia nyumbani, akamtazama mara moja tu, akasema, "Haya, nimekosa nini tena?" Maskini, hakuwa amekosa chochote.

Sasa, saluni ya jirani ilikuwa imetundika bango: SINDANO YA KUONDOA MAKUNYANZI, ELFU TANO TU. Na Mama Pindo alikuwa na laki tatu kwenye mkebe. Pesa hizo zilikuwa za mashine ya overloki, ile ya kuziba kingo za nguo zisifumuke. Ya zamani ilikuwa imekufa, na shule ya karibu ilikuwa imemwahidi kazi ya kushona sare, mradi awe na mashine yake kabla ya muhula kufunguliwa. Zilikuwa zimebaki wiki tatu.

"Elfu tano hata haitajulikana," alijisemea. Akafunga duka, akabeba mkebe wote, maana hakuwahi kuuacha peke yake.

Mwenye saluni alimkalisha kwenye kiti. Akachukua penseli nyeupe, akamtia nukta tano kati ya nyusi.

"Hapa unahitaji yuniti ishirini," alisema. "Laki moja. Na elfu kumi ya kukuona."

"Laki? Bango lako linasema elfu tano!"

"Hiyo ni ya yuniti moja. Yuniti ni kipimo cha dawa."

"Sasa si ungeandika?"

"Dada, kila mtu anajua."

Maneno hayo yalikuwa yametoka kinywani mwa Mama Pindo mwenyewe asubuhi ile.

"Basi nikupe kwa elfu tisini," mwenye saluni alisema. "Lakini ni leo tu. Kesho bei inarudi palepale."

Kioo kilikuwa mbele yake, na ndita zilimtazama. Mkono ukaingia kwenye mkebe. Ukashika noti.

"Atanidunga nani?" aliuliza.

"Mimi."

"Wewe si msusi?"

"Nimejifunza. Video ziko tele."

Mkono ukatoka mtupu. "Nitarudi," alisema Mama Pindo, akatoka mbiombio.

Mlangoni mwa duka lake alimkuta jirani yake, nesi wa kliniki ya ngozi, aliyefuata sare yake. Nesi akamtazama usoni, akashika kiuno.

"Shoga, nani amekuchora kama kitambaa?"

Mama Pindo akamwaga yote. Alimlaani msusi, akalilaani bango, akazilaani na ndita. Nesi alingoja mpaka pumzi ikamwishia.

"Sikukatazi," nesi alisema. "Uso ni wako. Lakini wewe fundi, mtu akikuuliza kitambaa bei gani ukamtajia bei ya mita moja, atajua gauni lote ni kiasi gani?"

"Hawezi. Inategemea mwili wake."

"Na dawa hii ni hivyohivyo. Wengine hutaja bei ya yuniti, wengine ya sehemu ya uso. Wewe uliza jumla. Kumwona daktari kumo? Kurudi baada ya wiki mbili akague kazi kumo?"

"Laki na kumi," Mama Pindo alisema. "Ningejikaza mara moja tu, yakaisha."

"Nani kasema mara moja? Dawa inalegeza msuli unaokunja uso. Ikiisha nguvu, kwa wengi ni miezi mitatu au minne, ndita zinarudi. Ukitaka uso ubaki hivyo, unadungwa tena. Piga hesabu ya mwaka, hata kwa mara tatu."

Mama Pindo akachukua chaki, akaandika juu ya meza ya kukatia. Laki tatu na elfu thelathini.

"Mungu wangu! Hii ni overloki na chenji yake!"

"Na ya bei ya kutupa huenda imezimuliwa maji, au ni bandia. Mdungaji awe daktari, au mtaalamu mwenye kibali. Chupa ifunguliwe mbele yako, usome jina na tarehe. Mwenye mimba au anayenyonyesha asidungwe. Ikidungwa vibaya, kope inaweza kulegea kwa wiki kadhaa. Utatunga uzi na jicho moja?"

Mama Pindo akakunja uso ili aione vizuri ile hesabu ya chaki.

"Ona!" nesi akapaza sauti. "Umepimwa macho lini?"

"Macho yangu hayana neno."

"Uongo mtupu! Kesho nakupeleka mwenyewe."

Alimpeleka kweli. Kwa mpima macho, Mama Pindo aliuliza, "Jumla yote? Kupima, lenzi na fremu?" Kwa muuza mashine aliuliza kuhusu mota, meza, sindano na usafiri, mpaka yule bwana akaomba aachwe anywe maji. Miwani aliilipa kwa mapato ya wiki. Overloki ilifika siku nane kabla ya muhula, na sare zikaanza kushonwa.

Kisha akachukua kadibodi, akaandika kwa herufi kubwa: bei ya kushona, ya bitana, ya zipu, ya vifungo, na chini kabisa, JUMLA. Akaitundika mahali ambapo mteja haikwepi.

Mwalimu aliporudi na kitambaa kingine, aliisoma yote polepole.

"Elfu kumi na tisa," alisema. "Na hakuna kingine?"

"Hakuna kingine."

Mwalimu akamtazama pale kati ya nyusi, juu ya miwani mipya ya fundi. "Lakini bado umenuna."

"Hii ndiyo sura yangu, mwalimu. Haina malipo ya ziada."

Mwalimu akacheka, akalipa yote palepale, akaketi apimwe.