Kabati la Kijani la Malaba

"Hiyo takataka umeitoa wapi?" Gaitano Mukhwana aliuliza, akisimama mlangoni mwa karakana ili suruali yake pana isiguse vumbi la mbao.

"Malaba," Nerima alijibu bila kuacha kupiga msasa.

"Harusi inakaribia na wewe unaleta kabati ya watu? Kwangu kutaingia vitu vipya, vya Nairobi. Mimi ni karani wa forodha."

Karani wa forodha! Ungemsikia anavyolitamka, ungedhani mpaka wote wa Uganda unafunguliwa kwa ufunguo ulio mfukoni mwake. Kazi yake ilikuwa kugonga mihuri pale Busia, basi. Lakini Nerima alimpenda, kwa sababu alimwapia kwamba katika miaka yake thelathini na mitano hajawahi kuoa, alikuwa akimngoja yeye. Tangazo la ndoa yao lilikuwa limeshasomwa kanisani Jumapili mbili. Ilibaki ya tatu.

Kabati alilinunua kwa mama mmoja aitwaye Alaso, aliyelipaka rangi ya kijani na kuwaacha kuku walale juu yake. Kwa kutazama pembe za droo tu, Nerima alijua ni kazi ya marehemu baba yake, fundi Ojiambo wa Chakol, aliyemwachia randa na misumeno. Alaso alisema amechoka kuliona. Mwanamume aliyelileta alikwenda kutafuta kazi mwaka wa pili wa ndoa, akatokomea. Hakumtaja jina, wala Nerima hakuuliza. Kidonda cha mtu hakichokonolewi.

"Ni baba yangu aliitengeneza," alimwambia Mukhwana.

Mukhwana akacheka. "Ndiyo maana imekaa kishamba. Ikifika Jumapili nikute imekuwa kuni."

Akaenda zake akinukia mafuta ya nywele. Nerima alilia kidogo, kwa hasira, kisha akarudi kazini. Baba yake alikuwa na desturi: chini ya droo ya mwisho aliandika kwa penseli jina la mwenye kazi, ili vyombo vya wateja visichanganyike. Nerima aliiweka droo hiyo iwe ya mwisho makusudi, apate kuuona tena mwandiko wa baba. Akaigeuza.

"Kabati la harusi. Bwana Gaitano Mukhwana na Bibi Alaso. Chakol, 1969."

Mwaka huo, miaka saba nyuma, Nerima alikuwa akiishi kwa shangazi yake kule Rukala, hakuwajua wateja wa baba. Kesho yake alikwenda Malaba. Alaso alipolisikia jina hilo aliingia ndani, akatoka na cheti cha ndoa cha kanisa.

Jumapili Mukhwana alikaa benchi la mbele ndani ya suti, shingo imenyooka. Katekista akasoma tangazo la tatu, akauliza kama kuna anayejua kizuizi. Hapo watu huwa wanakohoa tu.

Nerima akasimama na droo kwapani.

"Mimi najua," alisema. "Gaitano, wewe ndiye msomi. Tusomee hii."

Mukhwana aliipokea akitabasamu. Alipoyaona maandishi, tabasamu likamkauka mdomoni.

"Nerima, haya tutaongea nyumbani."

"Nyumbani kwa nani? Mwenye nyumba ameketi pale nyuma."

Kanisa zima likageuka. Alaso alikishika cheti chake juu ya magoti na kumtazama mumewe jinsi mtu anavyotazama matope kwenye kiatu.

"Umeitukana kabati yako mwenyewe na hukuitambua," Nerima akasema. "Na mimi ungenioa, baada ya miaka saba ungeuliza hiyo takataka umeitoa wapi."

Mukhwana alitoka kwa mlango wa pembeni, suruali yake pana ikifagia sakafu. Hakuna aliyemfuata.

Wiki iliyofuata kabati lilirudi Malaba juu ya lori la mahindi, limepakwa vanishi, linang'aa. Chini ya droo ya mwisho Nerima alikuwa amepiga randa mahali pamoja tu. Mwandiko wa baba ulibaki, na jina la Alaso likabaki.