Kinyesi cha Popo wa Babu

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Chiriku alimwagilia miche kwenye kitalu cha familia, pembeni ya msitu. Jina hilo alipewa na babu yake kwa sababu ya mdomo wake. Akianza kuongea, hata maji aliyoyabeba aliyasahau. Zamani walimwagilia wawili, Babu mstari huu, yeye mstari ule. Jioni waliketi mbele ya banda la zana kuwangoja popo watoke chini ya paa. Walichomoka mmojammoja, kisha kundi zima, wakaelekea msituni.

"Haya, kazini!" Babu aliwapigia kelele kama nyapara. "Mnimalizie hao nondo!"

Babu aliamini kwamba popo wale hula nondo, ambao viwavi wao hutafuna majani ya miche. Chiriku naye aliamini kila alichosema Babu. Zilikuwa jioni tamu, na hakujua kwamba zina mwisho. Sasa Babu alikuwa amefariki, na kitalu kilikuwa mikononi mwa Baba Mkubwa.

Baba Mkubwa na popo hawakuiva chungu kimoja. Kinyesi cha popo hao kilidondokea majembe, ndoo na hata kofia yake.

"Ijumaa fundi anakuja kuziba mianya yote," alitangaza. "Wanalala bure, wanachafua, na kodi hawalipi!"

"Lakini Baba Mkubwa, wanatumalizia nondo! Babu alisema."

"Mzee alisema mengi, mwanangu. Mimi nataka kuona."

Shangazi, ambaye alikuwa mwalimu wa sayansi na amekuja likizo, akadakia. "Basi kaka, tuone. Popo hatuwezi kuwahoji, ila kinyesi chao kitatuambia wamekula nini."

Akatandika shuka jeupe bandani, chini ya mwanya wa popo. Chiriku akapewa kazi ya kukusanya kila kilichodondoka na kukitia kwenye kopo. Aliipokea kazi hiyo kwa mikono miwili, maana popo wale ndio waliobaki wa jioni zake na Babu.

Ila hakuwa na subira. Alipoazima lenzi ya Shangazi na kuchungulia, aliona punje kavu zenye vipande vigumu, vyeusi, vinavyong'aa. Bawa la nondo hakuliona hata moja. Akanyong'onyea. Popo wangefukuzwa, na kibaya zaidi, Babu angeonekana muongo.

Alhamisi asubuhi alipita kwenye kibaraza cha nyumba. Chini ya taa walikuwa wametapakaa nondo waliokufa, kama kawaida. Alitazama huku na huku, akawazoa kiganjani na kwenda kuwamwaga juu ya shuka.

Mchana, Baba Mkubwa alipoingia bandani alishika kiuno. "Lo! Kumbe Mzee alikuwa sahihi!"

Chiriku alitazamia kwamba maneno hayo yatamfurahisha. Badala yake alianza kurudi nyuma kuelekea mlangoni.

Shangazi alimwinua nondo mmoja kwa kibano, akamgeuza. "Huyu ana tumbo."

"Kwani asiwe nalo?" aliuliza Baba Mkubwa.

"Popo akimla nondo, hutafuna tumbo na kuangusha mabawa. Hawa ni wazima, kichwa mpaka miguu. Popo gani huyo anahangaika kutafuta chakula, anakileta nyumbani, halafu anakisusia?"

Baba Mkubwa aliangua kicheko. "Labda wameletwa na upepo."

Hapo Chiriku angeweza kunyamaza, na yangeishia hapo. Lakini Shangazi alikuwa hamtazami kabisa, na hilo lilimuuma kuliko kukaripiwa.

"Si upepo," alisema, machozi yakimlengalenga. "Ni mimi. Niliwaokota kibarazani. Sikutaka Babu awe muongo."

Kicheko cha Baba Mkubwa kilikatika. Alivua kofia, akaikunjakunja. Naye alikuwa akimkumbuka Mzee kwa namna yake.

Shangazi aliwapangusa nondo wote wakaanguka chini. Akalichukua kopo, akaloweka punje kwenye kisahani cha maji na kuzichambua polepole. "Sogea hapa, Chiriku. Tazama ulichokikimbia."

Vilitokea vijiguu vyenye miiba na vipande vya mabawa magumu kama ganda.

"Mbawakawa!" Baba Mkubwa alipaza sauti kabla ya mtu mwingine. "Hawa si ndio wanaozaa wale funza weupe wa udongoni? Mwezi uliopita wamenikatia mizizi, nimeng'oa mstari mzima wa miche!"

"Ndio hao," alisema Shangazi. "Na hili vumbi-vumbi ni magamba ya mabawa ya nondo, lakini ni kidogo sana."

Baba Mkubwa aliinua macho kwenye paa. Kisha akasema kwamba fundi atakuja kama alivyopanga, ila atapigilia ubao chini ya mwanya ili ukinge uchafu. Mwanya wenyewe usiguswe.

Chiriku alishusha pumzi. Shangazi akamshika bega.

"Babu yako hakuwa muongo. Alikosea, kama mtu yeyote. Alisema alichodhani ni kweli. Uongo ni huo ulioumwaga wewe hapa asubuhi. Na kama ungefanikiwa, tungewasifu popo kwa kazi wanayoifanya kidogo tu, na ile kubwa tusingeijua kamwe. Ukimpenda mtu, usimtetee kwa uongo. Tafuta ukweli, hata kama utamkosoa."

"Sawa, Shangazi. Nisameheni." Chiriku alifuta pua, akamgeukia Baba Mkubwa. "Babu angekasirika?"

"Mzee? Wiki nzima angebishana na popo!" Baba Mkubwa alicheka mpaka macho yakalowa, na hakuyafuta. "Halafu angekubali."